HANDAKI LISILO NA KUFULI

Mwaka huu sitaandika juu ya ngeli wala methali. Naleta somo la kompyuta, tena kwa Kiswahili, kwa kuwa wako wenzangu wanaodai ati lugha yetu haiwezi kulibeba. Haya, na tuone.

Hati ninayoichambua huitwa RFC 2661. Ilitolewa Agosti 1999 na IETF, yaani jumuiya ya wahandisi waandikao kanuni za intaneti, ikapewa daraja la kiwango kinachopendekezwa. Inaeleza itifaki iitwayo L2TP. Kabla yake Microsoft na wenzake walikuwa na PPTP, nao Cisco wakawa na L2F. L2TP ilizaliwa kwa kuzioanisha hizo mbili.

Handaki ni nini basi? Tia barua bahashani, andika anwani. Kisha itie bahasha hiyo nzima ndani ya nyingine yenye anwani ya ofisi ya mbali. Tarishi hufuata anwani ya nje tu. Kule ofisini bahasha ya nje hupasuliwa, na ile ya ndani huendelea na safari kana kwamba ilitiwa posta papo hapo. Mfanyakazi aliye nyumbani huonekana kama yumo ofisini. Nyakati zile watu waliingia mtandaoni kwa kupiga simu, kwa hivyo faida ilikuwa ya mfukoni: unapiga simu ya karibu, handaki linamalizia masafa marefu.

Bahasha ya pili ina uzito, lakini. Waya wa Ethernet kwa kawaida hubeba baiti 1500 kwa pakiti moja. Toa 20 za IP, 8 za UDP, 6 za L2TP kwa uchache, na hadi 4 za PPP. Zinabaki 1462. Ukizidisha hapo, pakiti hukatwa vipande. Mimi hilo naliita nauli, silioni kuwa ila.

Ila yenyewe niliigundua kwa aibu. Kaka yangu huweka hesabu za duka moja, na hutuma orodha ya mishahara kutoka nyumbani. Fundi alimwambia wana handaki, asiwe na wasiwasi. Aliponiuliza, nikamjibu kwa kifua mbele kuwa handaki ni siri, hakuna awezaye kuchungulia. Mwenzangu darasani aliposikia akanitaka nimwonyeshe mahali hati inaposema hivyo. Nilitafuta mpaka macho yakauma. Hakuna!

Hati inaruhusu pande mbili zihakikishane kwa neno la siri wakati handaki linapofunguliwa. Baada ya hapo, basi. Yaliyomo hayafichwi, na hati yenyewe yakiri kwamba anayeweza kuusikiliza mkondo anaweza pia kupenyeza pakiti zake bila taabu kubwa. Ni kama bawabu anayekagua vitambulisho asubuhi, kisha akaliacha lango wazi kutwa. Tena namba ya kutambulisha handaki ina biti 16 tu, yaani 65,536 kwa jumla. Toleo la tatu, RFC 3931 la mwaka 2005, liliipanua hadi biti 32.

Sisemi waandishi walilala. Walitaka handaki lipite hata kwenye mitandao isiyotumia IP, na kazi ya kufuli wakaiachia IPsec. Novemba 2001 ikatoka RFC 3193 kueleza namna ya kuzifunga pamoja. Kugawana kazi hivyo naona ni sawa. Ninalolaumu ni kuifanya kufuli kuwa hiari. Mtu anaweza kulichimba handaki, likafanya kazi vizuri kabisa, asijue kuwa njia nzima barua yake inasomeka.

Jioni ile nilimweleza kaka kwamba nilimdanganya bila kujua. Kesho yake akamwuliza fundi iwapo IPsec imewashwa. Haikuwa imewashwa. Orodha tatu za mishahara zilikuwa zimekwisha kupita.