Ukikutana na "euche": sala au nadhiri?

Neno la Kigiriki euche limo mara tatu tu katika Agano Jipya: Matendo 18:18, Matendo 21:23 na Yakobo 5:15. Katika Matendo linasomwa nadhiri, katika Yakobo maombi, na watafsiri hawakukosea. Kwa Wagiriki wa kale, kumwomba mungu na kumwahidi kitu vilikwenda pamoja. Kwa hiyo usiiachie kamusi ikuamulie. Tazama neno limekaa na nani.

Katika Matendo limekaa na nywele. Paulo yuko Kenkrea, bandari ya mashariki ya Korintho, safari ya Shamu imeiva, na kichwa kimenyolewa. (Sarufi inaruhusu hata kudhani aliyenyoa ni Akila, mwenzake wa safari, maana jina lake ndilo lililo karibu, lakini wengi humpa Paulo.) Sura ya 21 inaleta wanaume wanne, siku za utakaso, sadaka na gharama za kunyoa. Ukiona mambo hayo, fungua Hesabu 6, sheria ya Mnadhiri. Septuaginta, yaani Agano la Kale la Kigiriki, inatumia euche ileile, na mstari wa 18 unaeleza jinsi nywele zinavyonyolewa na kutiwa kwenye moto ulio chini ya sadaka ya amani. Hiyo ni nadhiri.

Sasa nenda Yakobo. Hapo pana mgonjwa, wazee wa kanisa na mafuta. Nywele hakuna, sadaka hakuna, ahadi hakuna. Tena mstari wa 14 umekwisha kusema wazee wamwombee, kwa kitenzi proseuchomai, ambacho katika Agano Jipya ni kuomba tu. Basi euche ya mstari wa 15 ni maombi yaleyale. Mhubiri anayemtaka mgonjwa aweke nadhiri ya fedha kwa kutegemea mstari huo hana pa kushika.

Nje ya Biblia, maandishi ya nadhiri kwenye mawe ya Kigiriki ni mepesi kuyasoma: jina la mungu, jina la mtu, na mara nyingi neno euchen mwishoni. Maana yake mtu huyo ametimiza alichoahidi. Hukohuko Korintho, katika hekalu la Asklepio, mungu wa tiba, yamechimbuliwa mikono, miguu na masikio ya udongo wa kuchoma, yaliyotolewa na watu kwa ajili ya uponyaji.

Kwa mshairi Homer jihadhari zaidi. Katika Iliadi, kitabu cha 1, kuhani Chryses anamkumbusha Apollo hekalu alilomwezekea, ndipo anaomba. Lakini katika kitabu cha 6 shujaa Glaucus anatumia kitenzi cha mzizi huohuo, euchomai, kujivunia ukoo wake. Ukitafsiri "naomba" umepotea.

Kama husomi Kigiriki, tumia itifaki ya Biblia (orodha ya maneno na mistari yake) yenye namba za Strong: euche ni 2171, na proseuche, sala ya kawaida, ni 4335.