Dondoo muhimu: Utitiri kwenye banda la kuku

Kuku akiacha mayai aliyokuwa akiyaatamia, ingia bandani usiku na tochi. Utitiri mwekundu hujificha mchana kwenye nyufa na chini ya fito za kulalia, kisha giza likiingia hutoka kunyonya damu. Pitisha kitambaa cheupe chini ya fito. Kikitoka na madoa ya damu, wamo.

Hapa Kimilili kuku wengi wa kienyeji hulala jikoni au kwenye vibanda vya mbao na udongo, kwa hiyo kumpaka kuku dawa peke yake hakutoshi. Tibu banda! Toa matandiko yote uyachome, ziba nyufa, nyunyiza dawa ya unga ya kuku, na urudie baada ya siku 7 hadi 10, maana mayai ya utitiri yaliyobaki yatakuwa yameanguliwa. Waachie kuku pia shimo la majivu makavu na mchanga wajigaragaze.

Magamba ya miguu yakiinuka, ni utitiri wa aina nyingine: osha kwa maji vuguvugu ya sabuni, kisha paka vaselini.

Tafadhali, usimwogeshe kuku kwa dawa ya kupe ya ng'ombe kwa kukisia kipimo, inaweza kumuua. Muulize daktari wa mifugo, na umuulize pia ni siku ngapi msile mayai baada ya kutumia dawa.