MAJANI YA UANI NA MARADHI YA SARATANI

Tumeulizwa: Ule mche wa maua mekundu na meupe unaopandwa nyuani, yasemwa kuwa ndimo itokamo dawa ya saratani. Je, yafaa mgonjwa achemshiwe majani yake anywe, aache sindano za hospitali?

Jawabu: Habari ya kwanza ni kweli, na ya pili ni kosa lenye hatari.

Mche huo, uitwao na wataalamu Catharanthus roseus, asili yake ni kisiwa cha Bukini, yaani Madagaska. Watu wa Jamaika walikuwa wakinywa majani yake kwa maradhi ya sukari. Mwaka 1952 majani hayo yalifika Kanada kwa tabibu Robert Noble. Akawanywesha panya maji yake, na sukari yao haikupungua. Alipowatia kwa sindano, panya wakafa, kwani chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, zilikuwa zimepungua mno. Hapo akatanabahi kuwa kizuiacho chembe hizo kuzaana huenda kikazuia na saratani, ambayo ni chembe kuzaana pasipo mpaka. Mwaka 1958 yeye na mwenziwe, Charles Beer, wakatangaza dawa ya vinblastini. Kisha ikapatikana vinkristini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1963. Leo dawa hiyo, pamoja na nyengine, huwatibu watoto wenye saratani ya damu. Na katika nchi tajiri, wenye aina iliyo nyingi zaidi kwa watoto hupona kiasi cha tisa katika kumi.

Basi zingatieni mambo matatu. Kwanza, kiasi: gramu 1 ya vinkristini hutolewa katika mamia ya kilo za majani makavu, na mgonjwa hupimiwa miligramu 2 au chini yake kwa mara moja. Pili, njia: hutiwa katika mshipa wa damu, wala hainywewi. Tatu, ni sumu: ikizidi huharibu mishipa ya fahamu. Sufuria ya jikoni haina mizani ya kupima hayo.

Hatuwadharau wazee wajuao miti, kwani wao ndio walioonyesha mlango. Lakini kuonyeshwa mlango si kuingia nyumbani. Mzazi amwachishaye mwanawe sindano akamnywesha majani, ameyapa maradhi muda wa kuenea, na muda huo haurudi. Ua na libaki uani kwa uzuri wake, na mgonjwa apelekwe kwa tabibu mapema.

Wallahu aalam.