Somo: Kuitazama Ardhi

Ndugu Waislamu, Sura ya 88, Al-Ghashiya, yatuamrisha tutazame ngamia, mbingu, milima na ardhi. Al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, aliyatazama mawe ya mviringo ya Bara Hindi, akatambua kuwa nchi ile zamani ilikuwa bahari.

Nasi watu wa Isiolo tuna haja ya elimu hiyo. Ukame ukizidi, mto Ewaso Ng'iro hukauka upande wa chini. Hali chini ya ardhi, tokea Merti kuelekea Habaswein na Dadaab, mna maji mengi. Katikati ni matamu, pembezoni yana chumvi. Achimbaye kwa kubahatisha hupoteza mali, na wanyama hufa kiu.

Basi yatupasa tuwasomeshe vijana wetu, wa kiume na wa kike, elimu ya miamba. Kwani kumtegemea Mwenyezi Mungu hakumwondolei mtu wajibu wa kujifunza.