Bima au Akiba? Hesabu ya Mstaafu Aliyehamia Ugenini

Wanachuo wenzangu, najua wengi wetu tunawaza bumu litaingia lini, uzee tunauona uko mbali. Lakini naomba tujadili swali la watu wenye umri wa babu na bibi zetu: mtu amestaafu, amehamia nchi ya kigeni, akate bima ya afya, au aweke pesa zake benki na kujilipia mwenyewe akiugua? Mimi nasoma ualimu, somo langu la kufundishia ni Hisabati, na kwa mada ya uwezekano sijapata mfano unaofundisha kama huu.

Tuchukue Thailand. Wastaafu wengi kutoka Ulaya na Marekani huhamia miji kama Chiang Mai na Hua Hin kwa sababu maisha ni nafuu na hospitali ni nzuri. Sasa, wakifika kule, kila mmoja yuko peke yake. Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wenye miaka 65 na zaidi, hailipii matibabu ya nje ya Marekani isipokuwa katika mazingira machache. Huduma ya afya ya Uingereza huangalia mtu anaishi wapi, siyo pasipoti yake. Aliyehama moja kwa moja akirudi wiki mbili kuwasalimia wajukuu, akalazwa, anaweza kuletewa bili. Na ule mpango maarufu wa Thailand wa matibabu kwa baht 30 ni wa raia wa Thailand.

Kwa hiyo bima ya kampuni binafsi ndiyo inabaki, na hapo ndipo kasheshe inapoanza. Ada hupanda kadiri umri unavyopanda. Maradhi uliyokuwa nayo kabla, kama kisukari au presha, mara nyingi huachwa nje ya mkataba. Ukishapita umri fulani, kampuni nyingi hazikupokei kabisa kama mteja mpya. Mwingereza anayeishi Thailand ana tatizo la ziada: pensheni yake ya serikali haiongezwi kila mwaka kama ya wenzake waliobaki nyumbani. Ada inapanda, pensheni imesimama palepale. Ndiyo maana wengi husema, "Bora nijiwekee mwenyewe."

Je, wanakosea? Twende kwenye hesabu. Namba hizi nimezitunga kwa ajili ya somo tu. Tuseme wapo wastaafu 100, na kila mwaka 5 kati yao hupata ugonjwa mzito wa kugharimu baht 1,500,000. Jumla ni baht 7,500,000, yaani wastani wa baht 75,000 kwa kila mtu. Kampuni ya bima inaongeza gharama zake na faida, inatoza 100,000. Ukiangalia wastani peke yake, bima ni hasara ya baht 25,000 kila mwaka. Wanaojiwekea wenyewe wana hoja.

Lakini hakuna mgonjwa anayeletewa bili ya wastani. Unaletewa sifuri au 1,500,000. Uwezekano wa kupita mwaka mmoja salama ni 0.95. Kupita miaka 10 mfululizo salama ni 0.95 kipeo cha 10, ambayo ni karibu 0.60. Maana yake, watu 40 katika kila 100 watapata angalau bili moja ndani ya miaka kumi.

Sasa weka watu wawili mbele ya hesabu hiyo. Wa kwanza ana baht 3,000,000 alizozitenga kwa ugonjwa tu. Anaweza kulipa bili mbili, na uwezekano wa kupata tatu au zaidi ni kama asilimia 1. Huyu kweli amejiwekea bima. Wa pili hana fungu la ugonjwa. Kila mwaka anaweka benki ile 100,000 ambayo angeilipa kwa kampuni. Bili ikija mwaka wa pili itamkuta na 200,000. Mfuko unajaa taratibu, ugonjwa hauji taratibu. Huyu anaiita akiba, lakini kwa kweli anacheza bahati nasibu. Tena hesabu yetu imekuwa ya upole, kwa sababu imechukulia kila mwaka unajitegemea. Katika maisha, aliyepata kiharusi mara moja yuko kwenye hatari zaidi ya kupata kingine.

Serikali ya Thailand yenyewe imeliona hilo. Viza ya O-A, ya wenye miaka 50 na kuendelea, iliwekewa sharti la bima ya afya kuanzia tarehe 31 Oktoba 2019. Mwaka 2021 kiwango cha bima kikapandishwa hadi baht 3,000,000. Aliyekataliwa na kampuni za bima anaruhusiwa kuonyesha mali au fedha za kiasi hichohicho. Yaani sheria inakubali kujiwekea mwenyewe, ila inataka pesa ionekane.

Kwa nini kampuni zisipandishe bei tu badala ya kuwakataa wazee? Mwanauchumi George Akerlof aliligusa swali hili katika makala yake ya mwaka 1970. Bei ikipanda, wenye afya njema hujitoa kwanza; wanabaki wagonjwa; gharama inapanda; bei inapanda tena; wanajitoa wengine. Mwisho soko linakufa. Hapa Tanzania tuliona kitu cha jamii hiyo mwaka 2023, NHIF iliposimamisha usajili wa mtoto mmojammoja kwa Toto Afya Kadi na kuwaelekeza wazazi wasajili kupitia shule. Darasa zima lina watoto wazima na wagonjwa, kwa hiyo mfuko unapumua.

Kwa mstaafu wa Chiang Mai, mimi naona jibu lipo katikati: alipe mwenyewe matibabu madogo, na abaki na bima ya majanga makubwa tu, ambayo ada yake huwa nafuu kwa sababu sehemu ya kwanza ya bili ni yake. Ila aikate mapema, kabla presha haijaandikwa kwenye faili lake. Anayesema "nikifika 70 nitaamua" anaweza kukuta kampuni zimeshamwamulia. Na anayesema "nikiugua nitarudi nyumbani" naye apige hesabu. Mmarekani aliyeacha Sehemu B ya Medicare huongezewa ada kwa asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili aliyokaa bila hiyo, na nyongeza hiyo kwa kawaida haiondoki.

Sisi hatuna baht milioni tatu. Lakini wazazi wetu wanastaafu karibuni, na baadhi yetu tutaulizwa kwenye kikao cha familia: tuchangie bima ya mzee, au tuweke pesa? Kabla hujajibu, uliza kwanza: bili ikija mwezi ujao, si baada ya miaka kumi, pesa ipo?

Zoezi: rudia hesabu ya miaka 10, safari hii uwezekano wa kuugua kwa mwaka uwe asilimia 10. Ukipata karibu asilimia 65, umeelewa somo.