Kadi mkononi, gari kwenye mfumo

Kioo cha mbele cha gari zamani kilikuwa kama ubao wa matangazo wa ofisi ya kata. Stika ya bima, stika ya rodi laisensi, stika ya wiki ya Nenda kwa Usalama ya mwaka huu imebandikwa juu ya ile ya mwaka jana ambayo hakuna aliyekuwa na subira ya kuikwangua kwa wembe. Trafiki akiinama kidogo, alikuwa ameshamaliza ukaguzi nusu. Siku hizi haanzi na kioo. Anaingiza namba ya gari kwenye mashine yake, na kitakachotoka pale ndicho mtakachozungumza.

Rodi laisensi na stika ya bima hazikuondoka kwa njia moja. Rodi laisensi ilifutwa kabisa: bajeti ya Tanzania ya 2017/18 iliondoa ada ile ya kila mwaka, serikali ikaongeza shilingi 40 kwenye kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Kwa hiyo unailipa kila ukiingia sheli, na bibi wa kijijini mwenye taa ya chemli akaanza kuilipa pia, ingawa hajawahi kumiliki hata baiskeli. Bima haikufutwa. Ilihama tu kutoka kiooni kwenda kwenye mfumo wa TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Ukichanganya mambo haya mawili utadhani kukosa stika ni kukosa deni, na barabarani hilo litakugharimu.

Kwenye familia yetu mimi ndiye karani wa magari. Kaka zangu wanajua kuendesha, mimi najua foleni za ofisi na nywila za kila tovuti. Kutokana na kazi hiyo nina sharti moja ambalo silegezi hata kwa ndugu: kumbukumbu ya gari sionyeshwi, naitafuta mwenyewe, kwa simu yangu, kwa bando langu.

Nianze na bima, maana ndiko udanganyifu ulikojaa. "Bima ipo mpaka mwakani, dada yangu, si hii hapa," dalali mmoja aliniambia tukiwa tumesimama kando ya Noah iliyokuwa inauzwa. Simu yake ilikuwa na picha ya stakabadhi, safi kabisa, ina nembo na muhuri. Nikafungua ukurasa wa kuhakiki wa TIRA, unaitwa TIRAMIS, nikachagua kutafuta kwa namba ya usajili, nikaandika namba ya gari bila kuacha nafasi. Bima ikaja, lakini ilikuwa imeshakwisha. Hakubisha. "Basi tunaikata leo leo," akasema, na sauti haikubadilika hata kidogo. Inawezekana naye alitumiwa ile picha na mwenye gari.

Ukifika kwenye ukurasa huo usiridhike kwa kuona jina la kampuni. Soma tarehe ya kuanza na ya kuisha, kisha soma aina: ni bima kubwa au bima ndogo? Kuna watu wanalipia kubwa na wanakatiwa ndogo, na wanajua siku gari limegongwa. Bei nayo inasema kitu. Bima ndogo ya gari dogo la binafsi wengi wanaikariri kwa 118,000, yaani laki moja pamoja na VAT ya asilimia 18. Mtu akikuletea ya elfu sitini kwa gari hilohilo, usishangilie. Hakiki kwanza kama namba yako imeingia mfumoni, ukiwa bado umesimama mbele yake, ndipo umlipe.

Stika ilikuwa na faida moja ambayo hatukuiona mpaka ilipoondoka: ilitukumbusha. Uingereza iliondoa stika ya kodi ya gari tarehe 1 Oktoba 2014, baada ya kuwapo tangu 1921, na magari yasiyolipiwa yakapanda kutoka asilimia 0.6 mwaka 2013 hadi 1.4 mwaka 2015. Sidhani Waingereza wote hao waligeuka wezi kwa mkupuo. Bila shaka wengine walisahau tu. Weka kengele kwenye simu wiki mbili kabla bima haijaisha, na uiweke pia kwenye simu ya dereva, kwa sababu yeye ndiye atakayesimamishwa.

Baada ya bima ninaingia kwenye ukurasa wa Jeshi la Polisi wa madeni ya trafiki. Unaingiza namba ya gari, unaletewa kila faini ambayo haijalipwa: kosa, mahali, tarehe na kiasi. Kosa moja ni shilingi 30,000, ila gari lililokuwa daladala au la mizigo linaweza kuwa na msururu mrefu. Deni likishakaa kwenye namba ya gari, litakufuata wewe unayeendesha leo, na trafiki wa Chalinze hatakuwa na muda wa kusikiliza kwamba makosa ni ya mwenye gari wa kwanza. Mwambie muuzaji alipe kwanza, kisha uangalie tena asubuhi ya siku ya kutoa hela, maana usiku mmoja barabarani unatosha kuongeza mstari.

Hapo ndipo ninapoomba boneti ifunguliwe, na siangalii injini kama fundi. Naangalia maandishi. Magari yetu mengi yametoka Japani, kwa hiyo namba ya chesisi si ile ndefu ya herufi na tarakimu 17. Ni msimbo wa modeli, kistari, halafu tarakimu sita au saba. Kwenye Toyota kuna bati dogo ndani ya chumba cha injini lenye msimbo wa modeli, aina ya injini, ujazo wake, namba ya chesisi na msimbo wa rangi ya kiwandani. Lipige picha, liweke sambamba na kadi ya usajili wa gari, soma tarakimu moja baada ya nyingine kwa sauti. Mtu wa pili akifuatilia kwa kidole ni bora zaidi.

Toyota IST ni mfano mzuri kwa sababu zimejaa mjini. NCP60 ilitoka kiwandani na injini ya 2NZ, ile ya cc 1,300. NCP61 ilitoka na 1NZ ya cc 1,500. Kadi ikisema NCP60 na chini ya boneti kukawa na 1NZ, kuna mtu alibadilisha injini, na swali lako ni moja tu: mabadiliko hayo yameandikishwa? Rangi ni vivyo hivyo. 040 kwenye bati la Toyota ni nyeupe, 202 ni nyeusi. Gari jeusi lenye 040 limepigwa rangi. Kupiga rangi si kosa, ila kadi ikiendelea kusema nyeupe, utakuwa unaendesha gari ambalo kwa maandishi halipo.

Kubadili jina la mwenye gari ndiko watu wanakochoka. Wanaandikishana mkataba kwa wakili, wanapeana kadi, wanaambiana "tutabadilisha baadaye", na baadaye yenyewe haifiki. Gharama si kubwa kama tunavyoiogopa. Kwa viwango ninavyovijua, TRA, Mamlaka ya Mapato, inatoza 50,000 za uhamisho wa gari, au 27,000 kwa pikipiki, ushuru wa stempu asilimia 1 ya thamani, na 10,000 za kadi mpya. Gari la milioni 10 linakuwa 160,000. Bajeti ya kila Juni inaweza kugusa viwango hivyo, kwa hiyo uliza kabla ya kufunga bei. Mnunuzi na muuzaji wote wawe na TIN, namba ya mlipakodi, na majina kwenye TIN, kitambulisho cha NIDA na mkataba yaandikwe sawasawa. Mohamed na Mohammed ni watu wawili mbele ya kompyuta.

Wewe unayeuza, usifikiri hili ni la mnunuzi peke yake. Mpaka jina libadilike, gari likigonga mtu Singida usiku, atakayetafutwa kwanza ni wewe.

Malipo ya TRA na ya faini yana kontro namba: tarakimu 12, inaanza na 99. Unaingia kwenye malipo ya serikali katika simu au unakwenda kwa wakala wa benki. Ukipewa namba ya simu ya mtu kwamba "tuma hapa, nitakulipia, mfumo unasumbua", huyo ni kishoka hata kama ana tai. Mfumo kusumbua ni kweli, unasumbua sana mwisho wa mwezi. Rudi kesho.

Kuna karatasi ambazo bado sizichezei. Kadi halisi ya gari inakaa nyumbani, nakala inakaa kwenye gari. Ukiambiwa "kadi iko benki", maana yake gari limewekwa dhamana ya mkopo. Dai barua ya benki inayoonyesha kilichobaki, na hela ya deni iende benki moja kwa moja, isipite mfukoni mwa muuzaji. Kadi ikipotea, ripoti ya upotevu ya polisi unaiomba mtandaoni, kisha unakwenda nayo TRA. Kwa safari za mikoani ninamchapishia dereva stakabadhi ya bima, kwa sababu kuna sehemu mtandao hauko upande wake wala wa trafiki. Picha za kadi na vitambulisho usizitupe kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Namba ya NIDA, TIN na sahihi vikikaa pamoja vinamtosha mtu mwenye nia mbaya.

Jambo la mwisho ni magari ya marehemu, na nyumba nyingi zinalo moja. Mzee ameondoka, pikapu inaendelea kubeba mchanga, mfumo bado unasema ni yake, na kila faini inaandikwa kwa gari lake. Hakuna mtoto anayeweza kuliuza kwa kukubaliana tu kikaoni. Ukoo unakaa na kumpendekeza msimamizi wa mirathi, mahakama inamthibitisha kwa barua, na barua hiyo ndiyo inayompa uwezo wa kusaini uhamisho mahali pa marehemu. Mkishaipata, lipeni madeni ya trafiki, kisha hamisheni jina kabla gari halijapewa dereva mwingine. Akitokea mnunuzi anayesema hana haja na mambo ya mahakama, yeye anataka kadi na funguo tu, mtafuteni mwingine.