Kabla Hujamuuliza Mtu "Umesikia ya Leo?"

Taarifa ya habari ya saa mbili usiku ikiisha, mkono unakwenda kwenye simu wenyewe. Siasa hazikaliki kifuani. Lakini umpigie nani?

1. Tazama baraza kabla hujakaa. Unguja hili halihitaji ramani. Jaws Corner, pale Mji Mkongwe penye picha ya papa, miaka mingi imejulikana kuwa kijiwe cha upinzani. Kisonge, kule Michenzani, ni maskani ya CCM. Kote kahawa ni chungu na kashata ni tamu. Ila ukikaa kwa wa upande wako tu, utarudi nyumbani na habari ile ile uliyokwenda nayo, imeongezwa chumvi.

2. Chagua atakayekuja kukuzikia. Hiki ndicho kidokezo changu kikubwa, vingine ni nyongeza. Uchaguzi wa Zanzibar wa 1995 ulimpa Salmin Amour wa CCM asilimia 50.2 na Seif Sharif Hamad wa upinzani asilimia 49.8. Visiwa viligawika karibu nusu kwa nusu, na mgawanyiko ukaingia hadi majumbani. Pemba hasa, watu walisusiana maduka, harusi, hata mazishi. Mtu alipita duka la jirani yake akaenda kununua sukari mtaa wa pili, kwa sababu ya bendera ya chama. Ilibidi Rais Amani Karume na Seif huyo huyo, Maalim Seif, wakutane Novemba 2009, kisha kura ya maoni ya Julai 2010, ambapo asilimia 66.4 walikubali serikali ya umoja wa kitaifa, ndipo wengi wakaanza kuitikiana salamu. Kwa hiyo, mwenye kukubishia chaguzi zote na bado akabeba jeneza la mzee wako, huyo mshike. Huyo unaweza kumwambia chochote.

3. Muuza kahawa msikilize, usimhoji. Anapita na dele lake tangu alfajiri, vikombe vinagongana mkononi, na amesikia pande zote mbili kabla wewe hujapiga mswaki. Niliwahi kumuuliza mmoja, "Mzee, wewe unaonaje haya mambo?" Akaniangalia, akainamisha dele, akajaza kikombe mpaka ukingoni. "Naona hujalipa cha kwanza." Biashara yake inategemea pande zote mbili, na anaijua kazi yake.

4. Kundi la WhatsApp la ukoo, hapana. Lile ni la michango, wagonjwa na picha za watoto. Ikija sauti ya mtu asiyejulikana, juu yake imeandikwa "imesambazwa mara nyingi", usimjibu shangazi mbele ya watu arobaini. Mpigie pembeni. Mwanzie na habari za magoti yake.

5. Kinyozi: kubali kila kitu. Mwenye wembe shingoni mwako siku zote ana hoja nzuri.

6. Mpende anayesema "hilo silijui". Ni wachache, na mara nyingi hawana sauti kubwa, kwa hiyo barazani huwaoni haraka. Kaa pembeni siku mbili tatu utamgundua: wengine wakitaja idadi ya kura mpaka ya kituo, yeye anauliza, "Umeiona wapi?" Wenzake humwona mkorofi. Mimi humnunulia kahawa.

7. Wekeaneni sharti. Nina rafiki, chama chake si changu, na tumeshawahi kununiana wiki tatu kwa ajili ya hotuba moja ambayo leo hakuna anayeikumbuka. Tulipopatana tulikubaliana hivi: kila mmoja aanze kuieleza habari kama mwenzake angeieleza, ndipo aseme yake. Wiki ya kwanza ilikuwa kichekesho, kila mtu akimwigiza mwenzake kwa sauti ya kejeli. Siku hizi hunieleza upande wangu vizuri kuliko ninavyoueleza mwenyewe, jambo linaloniudhi kidogo.

Jana usiku simu yake iliingia saa mbili na nusu.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Haya, anza wewe."